Maabara ya fizikia inataka "ushirikiano wa utafiti", lakini mkataba unameza programu yetu. Tusaini?

Sofi wa Chikongola

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote shikamooni.

Mimi na wenzangu wawili tuna kampuni ndogo ya programu hapa Mtwara mjini, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya simu. Kinachotulisha ni programu ya mizani ya vyama vya msingi: mkulima analeta korosho, mzani unapeleka uzito moja kwa moja kwenye kompyuta, risiti inatoka hapo hapo, karani hapati upenyo wa kusahau kilo mbili tatu. Msimu ukiisha tunarudi kutengeneza tovuti za nyumba za wageni, na wenye nyumba za wageni hawana adabu ya kulipa.

Sasa kuna programu yetu ya pili. Mhadhiri mmoja wa fizikia, kwao Mikindani, alikuja likizo akasikia habari zetu. Maabara ya chuo chao ina kigunduzi cha mionzi ya gama, kile chenye fuwele ya sodiamu ayodaidi. Wanapimia mionzi ya asili kwenye mchanga wa ujenzi, saruji, matofali na yale mawe ya matumbawe tunayojengea huku pwani. Programu iliyokuja na mashine leseni yake ilishaisha. Akaomba tumwandikie kitu cha kusoma mafaili yake na kuchora spektra, yaani mchoro unaoonyesha miale mingapi imenaswa kwa kila nishati; penye miale mingi panainuka kilele.

Kuchora ilikuwa kazi nyepesi. Kilichotutoa jasho ni joto. Wanapokuja kupima huku Mtwara wanapewa darasa. Asubuhi kilele cha potasiamu-40, kile cha nishati ya 1461 keV, kinasimama mahali pake. Saa saba mchana umeme umekatika, kiyoyozi kimezima, kigunduzi kinaendelea kwa betri ya kompyuta, na kile kilele unakiona kwa macho yako kinateleza kwenda kushoto. Ukijumlisha saa zote hizo kuwa spektra moja unapata kilima kipana kisicho na ncha, na vilele vidogo vya jirani vinafukiwa. Mwenzangu akaandika sehemu inayoukata upimaji kuwa vipande vya dakika chache, inatafuta kilele ndani ya kila kipande, inakirudisha mahali pake, ndipo inajumlisha. Sampuli ikiwa haina potasiamu ya kutosha tunasogeza pakiti ya mbolea ya potashi kwenye kigunduzi ili tupate alama. Inafanya kazi. Wanafizikia wenyewe wamekiri, na kwao kukiri si jambo dogo.

Ndipo ukaja mkataba. Pande tatu: sisi, maabara ya chuo, na maabara rafiki yao ya Ulaya. Kiingereza kizito mwanzo mwisho. Unasema "matokeo" yote ya ushirikiano ni mali ya maabara hizo mbili, na ukirudi ukurasa wa maana za maneno unakuta "matokeo" ni pamoja na programu yoyote iliyotumika au kuboreshwa ndani ya mradi. Yaani hata ile tuliyoingia nayo mlangoni. Wao wanaweza kuchapisha wakati wowote, sisi mpaka waturuhusu kwa maandishi. Malipo yetu ni kutajwa kwenye shukrani. Halafu huko mwishoni kuna mstari umejibanza kwamba tutaitunza programu kwa miaka mitatu, na hakuna neno hata moja kuhusu nani analipia bando.

Mwenzangu mmoja anasema tusaini, jina la maabara ya Ulaya kwenye tovuti yetu litaleta wateja. Mwingine anasema korosho zinatutosha. Mimi niko katikati na wote wawili wananiangalia. Kuna aliyewahi kuwa ndani ya ushirikiano wa namna hii, kampuni ya programu na maabara ya fizikia? Huko kwa wenzetu wanafanyaje? Nawasilisha.

Kilwa Kivinje

Gesi imeondoka kwa bomba, mjusi wa kale (dinosaria) wa Tendaguru aliondoka kwa meli, na nyie mnataka programu iondoke kwa barua pepe. Msisaini.

Korosho Ghafi

Samahani nje ya mada. Hiyo mashine inaweza kutambua korosho zilizomwagiwa maji? Kwenye chama chetu kuna watu wana tabia hiyo usiku.

Sofi wa Chikongola

@Korosho Ghafi hapana kaka, unyevu una kipimo chake kingine kabisa, kile cha umeme. Njoo faragha tuongee.

Mstaafu wa Maabara

Marahaba binti Sofi. Niko Lindi, Mtanda, nimestaafu. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa fundi sanifu wa maabara ya fizikia. Nimeona mikataba ya ushirikiano ikiingia na kutoka; mingine iliacha mashine nzuri zimefunikwa shuka na hakuna anayejua nywila. Nitaandika kwa kirefu, mwenye haraka aruke.

Kabla ya sheria, nikuulize fizikia. Mkisogeza mbolea ya potashi kwenye kigunduzi, potasiamu ya sampuli yenyewe mnaipimaje? Jibu unalo? Kama huna, wale wa Ulaya watakuuliza siku ya kwanza na hapo hutakuwa na nguvu ya kujadili kifungu chochote.

Haya, huko kwa wenzetu. Mfano ulio karibu zaidi na wako ni wa Austria. Kulikuwa na kampuni inaitwa ETM, ina programu ya kusimamia mitambo ya viwanda inayoitwa PVSS. CERN, ile maabara ya chembe ndogo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ilipokuwa inaandaa LHC, mashine yake kubwa ya kugonganisha chembe, ilihitaji programu ya kusimamia maelfu kwa maelfu ya vifaa: umeme wa vigunduzi, gesi, ubaridi. Ikapekua zilizokuwa sokoni, ikaichagua PVSS. Sasa tazama walivyogawana. ETM ilibaki na PVSS yake. CERN ikajenga tabaka lake juu yake, wanaliita JCOP, na hilo ni la CERN. Hakuna aliyeingia chumbani kwa mwenzake. Mwaka 2007 Siemens ikainunua ETM, na programu ile leo inaitwa WinCC Open Architecture na bado inafanya kazi pale pale CERN. Fikiria kama ETM wangekuwa wamesaini huo mkataba wako. Siemens wangenunua nini? Meza na viti.

CERN hiyo hiyo tangu 2001 ina utaratibu unaoitwa openlab. Kampuni kama Intel, Oracle na Siemens zimepita humo. Kampuni inaleta bidhaa na inagharamia vijana watafiti, na maabara inaitesa bidhaa hiyo kwa kazi ambayo hakuna mteja wa kawaida anayo. Sikiliza vizuri hapa: fedha zinatoka kwa kampuni kwenda maabara, si kinyume chake. Mtu anaweza kusema huo ni ujinga. Lakini kampuni inaondoka na kitu ambacho haiwezi kukinunua popote, nacho ni kujua bidhaa yake inavunjikia wapi. Nyie mmeshaonja. Bila lile darasa lisilo na kiyoyozi mngejua habari za kilele kuteleza?

Njia nyingine ni ya Kitware, kampuni ya jimbo la New York iliyoanza 1998. Mwaka 2000 ilianza na maabara ya Los Alamos kutengeneza ParaView, programu ya kuchora data kubwa za fizikia, kwa fedha za Wizara ya Nishati ya Marekani. Toleo la kwanza kwa umma lilitoka 2002. Ni programu huria, unaipakua sasa hivi bila kumlipa mtu. Kampuni imeishije miaka yote hii? Maabara zinawalipa wao kuongeza mambo mapya, kwa sababu wao ndio wanaoijua programu ile hadi uvunguni. Mkataba wao haubishanii nani anamiliki msimbo. Msimbo ni wa wote, kinachouzwa ni mikono.

Na kuna njia ya tatu, nayo ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1976 John Hallquist, akiwa maabara ya Livermore kule California, aliandika DYNA3D ya kukokotoa bomu linavyobonyea likigonga ardhi. (Msinitumie matusi, hiyo ndiyo historia yake.) Msimbo ukatolewa kwa umma, watengeneza magari wakaona kumbe gari likigonga ukuta hesabu ni ile ile. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yeye akatoka, akaanzisha kampuni ya kuuendeleza kibiashara kwa jina la LS-DYNA, na mwaka 2019 kampuni ya programu za uhandisi ya Ansys ikainunua. Pale maabara ilitoa msimbo, kampuni ikavuna. Kwenu inataka kuwa kinyume: kampuni itoe, maabara ivune.

Kwa hiyo ukiniuliza wenzetu wanafanyaje, wanafanya kila namna. Ila hiyo ya "hata ulichoingia nacho ni chetu" sijaiona kwa wenye akili zao. Mara nyingi ni rasimu ya kunakili, mtu wa ofisi ya utafiti amechukua mkataba wa mradi mwingine akabadilisha majina. Usiingie kwenye kikao umekunja uso. Waambie tu kifungu hicho kirekebishwe, utashangaa watakavyokubali haraka.

Mwalimu wa Newala

Mzee, shikamoo. Mimi nafundisha fizikia kidato cha tano na sita. Swali langu: kwani maabara hawajiandikii programu wenyewe? Kuna ROOT, ile programu ya kuchambua data za fizikia, nimeona wanafunzi wa chuo wanaitumia bure.

Mstaafu wa Maabara

Marahaba mwalimu. Wanajiandikia sana. ROOT ilianza CERN katikati ya miaka ya 1990, René Brun na Fons Rademakers. Geant4, ile ya kuiga chembe zinavyopita kwenye vitu, ilitoka 1998, nayo imeandikwa na wanafizikia wenyewe wa nchi nyingi. Zote huria.

Na swali lako linamsaidia Sofi kuliko jibu langu lote la juu. Kuchora spektra si mali, binti. ROOT inachora. Kutafuta kilele si mali, ipo kwenye vitabu. Mali yenu ni joto. Hiyo sehemu ya kurudisha vilele mahali pake katika darasa lisilo na umeme, kwa kigunduzi cha bei nafuu, imeandikwa na watu wanaoishi na tatizo hilo. Maabara ya Ulaya ina kigunduzi cha fuwele ya jerimani (germanium) kilichopozwa kwa naitrojeni kimiminika, kinatenganisha vilele kwa ukali ambao sodiamu ayodaidi haiuoti, na chumba chao kina joto lile lile Januari hadi Desemba. Hawana sababu ya kuandika mlichoandika. Ndiyo maana wanakitaka.

Basi pigania hapo. Mengine achia.

Sofi wa Chikongola

Mzee wangu, ahsante sana, nimesoma mara mbili na nimewasomea wenzangu.

Kuhusu mbolea: haikai pale muda wote. Tunaisogeza kwa kipande kimoja kifupi mwanzoni, kingine katikati, kingine mwishoni, na programu inajua vipande hivyo ni vya alama tu, haivijumlishi kwenye sampuli. Kati ya alama na alama inafuata kipimajoto tulichobandika kwenye ganda la kigunduzi. Sampuli ikiwa na thoriamu ya kutosha inatumia pia kilele cha 2615 keV, maana hicho kiko juu peke yake, hakina jirani wa kukibughudhi.

Mstaafu wa Maabara

Safi. Angalia tu kwamba ganda linapata joto kabla ya fuwele. Kipimajoto kitakwambia tumeshapanda wakati fuwele bado iko nyuma, na jioni itakuwa kinyume. Hiyo alama ya katikati ndiyo inayowaokoa. Umeme ukikatika, ongezeni nyingine.

Chuno Dijitali

Mimi ni msanidi kama Sofi, niko hapa hapa Mtwara, na napingana na mzee kwa heshima zote. Habari za Kitware ni nzuri kwa Marekani, kule wizara ina fungu la kulipa kampuni ziongeze vipengele. Hapa ukishaweka msimbo wazi mtandaoni nani atakulipa "mikono"? Chuo kitamwambia mwanafunzi wa mwaka wa tatu aumalizie kama mradi wake. Nimeona kwa macho yangu. Tuliandikia taasisi fulani mfumo, tukawapa msimbo wote kwa roho safi, mwaka uliofuata umebandikwa nembo nyingine na sisi tunausoma kwenye habari.

Dada Sofi, funga kila kitu. Wape programu iliyokwisha kufungashwa, itumike na ufunguo wa leseni, basi.

Mstaafu wa Maabara

Kijana, hasira yako ina haki yake. Ila jiweke upande wa mwanafizikia. Anachapisha makala, mhakiki anamuuliza: hiki kilele umekisogezaje, kwa hesabu gani? Akijibu "sijui, iko ndani ya kisanduku cha kampuni ya Mtwara", makala inarudi. Programu ya kupima ikifungwa kabisa maabara haiwezi kuiamini, na isipoaminika haina soko. Mizani ya korosho ya akina Sofi nayo si inahakikiwa na Wakala wa Vipimo, au mkulima anaambiwa aamini tu?

Binti Sofi, kuna katikati. Hesabu yenyewe, yaani njia ya kusahihisha joto, iandikwe makala kwa majina yenu, iwe wazi. Msimbo wa njia hiyo wape maabara waukague na kuutumia kwa utafiti, bila ruhusa ya kuuza wala kumpa mwingine. Vifungashio vyake, yaani madirisha, ripoti, kuunganisha na vigunduzi vya aina nyingine, hivyo uza unavyotaka. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu atasoma makala na atajaribu. Mwache ajaribu. Akifika kwenye fuwele inayochelewa nyuma ya ganda atakupigia simu.

Wakili wa Masasi

Naongeza upande wangu, kwa ufupi maana ushauri wa jukwaani si mbadala wa kumpa wakili mkataba wenyewe ausome.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na hakimiliki inazaliwa pale kazi inapotungwa, haisubiri usajili. Lakini inalinda msimbo mlioandika, hailindi wazo. Njia ya kusahihisha joto ikishajulikana, mwingine anaweza kuiandika upya kwa mkono wake. Kwa hiyo mzee yuko sahihi kwamba makala yenye majina yenu ina thamani kuliko mnavyodhani: hiyo ndiyo itakayoonyesha nani alikuwa wa kwanza.

Kwenye mkataba tenganisheni makundi matatu. Kila upande ulichoingia nacho, kiorodheshwe kwenye kiambatisho, na tarehe na toleo la programu. Mtakachotengeneza pamoja. Na data. Usikubali neno moja libebe yote matatu. Kwa upande wa maabara orodha yao itakuwa na vitu gani, mzee? Hapo mimi si mtaalamu.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa ni lawama. Programu ikitoa namba, mtu akafunga machimbo ya mchanga kwa sababu ya namba hiyo, mwenye machimbo atamfuata nani? Andikeni wazi kwamba programu ni chombo cha utafiti, na kwamba kusema mchanga huu ni salama au si salama ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Bila hivyo, kampuni ya watu watatu itabeba mzigo wa taasisi.

Mstaafu wa Maabara

Wakili, vitu vya maabara ni hivi. Wana vyanzo vya mionzi vya kuhakikia kigunduzi: sesiamu-137 ya 662 keV, kobalti-60 yenye vilele viwili vya 1173 na 1332. Mara nyingi wana pia zile sampuli rejea za Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki: RGU-1 ya urani, RGTh-1 ya thoriamu, RGK-1 ya potasiamu. Kwa hizo wanapata mkunjo wa ufanisi, yaani kati ya miale mia ya nishati fulani kigunduzi chao kinakamata mingapi. Mkunjo ule ni wa kigunduzi kile kimoja, wameutolea jasho, na ni wao. Sofi usiudai. Usiuweke ndani ya programu kama sehemu yake. Uwe faili la pembeni ambalo kila maabara inaweka lake. Ukifanya hivyo, ugomvi wa nani anamiliki nini unapungua nusu, na kesho ukimuuzia mwingine huna cha maabara ndani ya mfuko wako.

Ila kuna kitu chao unapaswa kukidai kwa nguvu kuliko fedha: spektra ghafi. Yale mafaili kabla hayajaguswa, pamoja na saa na joto la chumba, yote watakayopima ndani ya mradi. Hicho ndicho kitu ambacho kampuni yenu haiwezi kukipata kwa njia nyingine, kwa sababu hamna kigunduzi, hamna kibali cha vyanzo, na hamna gari la kuzunguka machimbo. Kila mkibadilisha mstari wa msimbo mtaipitisha programu kwenye mafaili hayo na kuona kama jibu limehama. Wakisema ni siri, waambie majina ya machimbo wayafute, nyie hamtaki kujua mchanga ni wa nani.

Mwisho, hilo la kutajwa kwenye shukrani. Kilwa Kivinje alitania habari za mjusi, mimi siutanii. Wajerumani walichimba Tendaguru 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa vichwani hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wetu, fundi hasa. Majina yaliyokaa kwenye vitabu ni ya Janensch na Hennig. Jina la Boheti liliingia kwenye orodha ya sayansi mwaka 2007, mjusi mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Anayebuni njia ya kusahihisha joto ni mwandishi wa makala, si mtu wa kushukuriwa pamoja na dereva, na dereva naye anastahili shukrani zake. Na kila toleo la programu liwekeni Zenodo, ghala la mtandaoni linaloendeshwa na CERN tangu 2013, ni bure. Linapewa namba ya kudumu, na kila makala iliyotumia programu inaitaja namba hiyo. Si lazima msimbo wote uwe wazi pale. Toleo na maelezo yake yanatosha.

Chuno Dijitali

Hapo kwa spektra ghafi mzee umenishinda. Sikuwahi kufikiria kudai data badala ya hela.

Kilwa Kivinje

Mimi bado nasema msisaini. Lakini mkisaini, mniwekee jina langu kwenye shukrani, baada ya dereva.

Sofi wa Chikongola

Wakuu, mrejesho. Tumekaa na mhadhiri wetu, tukampa mapendekezo yameandikwa upya. Mzee, ulibashiri: kifungu cha umiliki kilitoka kwenye mradi wa mambo mengine kabisa, kilikuwa bado kinataja mbegu. Wamekubali kiambatisho cha kila mtu alichoingia nacho. Wamekubali mwenzangu awe mwandishi wa makala ya joto, tena wa kwanza. Spektra ghafi tutapewa, isipokuwa za machimbo ambayo wenyewe hawajaridhia, na hilo tumeliona ni haki. Maabara ya Ulaya wameomba msimbo wa sehemu ya joto waukague, tumekubali kwa masharti ya utafiti tu.

Tumebaki na ubishi wa ile miaka mitatu ya matunzo. Tumeandika hivi: "Kampuni itarekebisha bila malipo hitilafu yoyote inayoharibu matokeo kwa muda wote wa mradi. Kipengele kipya chochote kitalipwa kwa makubaliano ya maandishi kabla ya kazi kuanza." Wakili, hapo pana tundu?

Wakili wa Masasi

Pana, tena kubwa. Nani ataamua kuwa hili ni hitilafu na lile ni kipengele kipya? Mtakuwa mnabishana kila mwezi. Chagueni pamoja mafaili kadhaa kati ya hizo spektra ghafi, muandike jibu sahihi la kila moja na kiasi cha kukosea kinachovumilika, kila upande ukae na nakala. Programu ikitoa jibu nje ya hapo, ni hitilafu, mnarekebisha bure. Ikiwa ndani ya hapo na wao bado wanataka ibadilishwe, ni kazi mpya na wanalipa. Na mafaili hayo yatajwe kwenye mkataba kama kiambatisho cha pili, yasiachwe kwenye barua pepe.

Mstaafu wa Maabara

Na angalau faili moja kati ya hayo liwe la siku umeme ulipokatika.